Vijana wa Lubumbashi wamehubiriwa vya kutosha, sasa wapewe nafasi ya kujikinga

Lubumbashi, Haut-Katanga. Kila mwaka ikifika tarehe 1 Desemba, siku ya dunia ya kupambana na SIDA, maneno ni yale yale. Kuna tishati nyeupe, kuna fanfari, kuna mkubwa anayeshika mikro na kusema vijana wa leo hawasikii, wanapenda starehe, simu zimewaharibu. Mchungaji anaitwa kufunga kwa maombi. Kapoti zinagawanywa kwa makatoni siku ile moja, na kesho yake kijana wa Ruashi au wa Katuba akihitaji moja anarudi kwenye farmasi ya pembeni ya barabara, ambako muuzaji anasali kanisa moja na mama yake.

Wakubwa wa mji huu wamezoea kueleza jambo hili kwa sababu mbili: kijana hajikingi kwa kuwa hajui, ama hajikingi kwa kuwa amepotoka. Ni sababu nzuri kwa anayezisema. Ya kwanza inatibiwa kwa hotuba, ya pili kwa maombi, na hakuna hata moja inayomlazimisha mkubwa kutoa franka au kubadilisha saa za kituo cha afya.

Kutojua kupo, na anayesema kijana wa Lubumbashi anajua kila kitu anadanganya. Uchunguzi wa taifa juu ya watu na afya, ule wa 2013-2014, ulikuta kwamba kati ya wasichana wa miaka 15 hadi 24 ni karibu mmoja tu kwa kila watano aliyekuwa na ujuzi kamili juu ya virusi vya SIDA. Kwa wavulana ni mmoja kwa wanne. Wengine walikuwa wamesikia, lakini walichanganya: mbu, kula sahani moja, mtu anayeonekana mnene hawezi kuwa na ugonjwa. Kwa hiyo somo la Elimu ya Maisha shuleni lina kazi yake, na mwalimu anayeliruka kwa aibu anawaibia watoto.

Lakini uchunguzi ule ule una namba nyingine ambazo wenye mikro hawazisomi. Watu wenye virusi kati ya miaka 15 na 49 walikuwa asilimia 1.2 nchini kote. Kwa wanaume ilikuwa 0.6, kwa wanawake 1.6. Zaidi ya mara mbili. Sehemu moja inatoka kwenye maumbile, maana mwili wa mwanamke hupokea virusi kwa urahisi zaidi. Sehemu nyingine inatoka kwa umri wa mwanaume anayelala na binti, na kwa swali la nani anaamua usiku ule. Tena wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokuwa wameshazaa au wana mimba ya kwanza walikuwa asilimia 27. Hao si watu wachache waliopotoka. Ni zaidi ya msichana mmoja kwa kila wanne, na wengi wao wako katika nyumba za watu wanaosali kila Jumapili.

Je, masomo peke yake yanatosha? Swali hili limekwisha kupimwa, tena kwa majirani wanaozungumza Kiswahili. Huko Mwanza, Tanzania, programu iliyoitwa Mema kwa Vijana ilijaribiwa katika utafiti wa jamii 20 tangu mwishoni mwa miaka ya 1990: walimu walifundishwa, wauguzi walifundishwa kupokea vijana vizuri, kapoti zilipelekwa vijijini. Watafiti hawakuridhika na kuuliza vijana maswali, walipima damu. Ujuzi ulipanda, majibu mazuri yakaongezeka. Virusi vya SIDA havikupungua. Vijana walijifunza kujibu vizuri, na maisha yao yakaendelea kuamuliwa na mambo mengine.

Nchini Kenya (nchi, si komine yetu ya Kenya) mtafiti Pascaline Dupas alifuata shule za msingi 328 za upande wa magharibi. Katika shule kadhaa walimu walipewa mafunzo ya kufundisha SIDA kwa mtaala wa serikali, ule wa kusema jiepushe hadi ndoa. Idadi ya wasichana walioshika mimba haikubadilika. Katika shule nyingine wanafunzi walielezwa kitu kimoja kifupi: wanaume wa umri gani wana virusi kwa wingi zaidi, yaani kwamba yule baba mwenye pesa ni hatari kuliko kijana wa darasani. Mimba za wasichana zilipungua kwa asilimia 28, na zilizopungua zaidi ni zile za wanaume wakubwa. Hakuna aliyewatisha wale wasichana kwa moto wa jehanamu. Walipewa habari waliyoweza kuitumia, wakaitumia.

Na huko Zomba, Malawi, familia za wasichana wa shule, pamoja na wasichana wenyewe, zilipewa pesa kidogo kila mwezi. Baada ya mwaka na nusu, wenye virusi walikuwa asilimia 1.2 kati ya waliopewa na asilimia 3 kati ya wasiopewa. Waliopewa pesa walikuwa na wapenzi wenye umri mdogo kuliko wenzao. Anayetaka kuelewa kinachoendelea Kasumbalesa asome namba hizo mara mbili.

Wataalamu wa saikolojia wanasema nia ya mtu hujengwa na mambo matatu. Icek Ajzen ndiye aliyeyapanga vizuri mwaka 1991: mtu mwenyewe analionaje tendo hilo, watu wake wa karibu watalionaje, na je, anaona kwamba ana uwezo wa kulifanya. Kampeni za Lubumbashi zinapiga kelele juu ya la kwanza, zinaharibu la pili, na la tatu zimeliacha.

Tuanze na lile la watu wa karibu. Kijana wa miaka 17 wa Kamalondo haogopi sana virusi. Havionekani, na tena dawa zipo. Anaogopa wenzake. Kati ya marafiki wake kuna mmoja anayesema kapoti inaondoa utamu, mwingine anasema ni ya malaya, wa tatu anaitumia lakini hasemi, maana atachekwa. Yule wa tatu angesema, angeweza kuwavuta wengine. Ananyamaza kwa sababu hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kumwambia kwamba amefanya vizuri. Mkubwa akikuta kapoti mfukoni mwa mtoto wake anampiga. Akikuta mtoto amezalisha binti wa watu anakaa na wazee wa upande wa pili, wanahesabu faini, wanakunywa. Mtoto anaona yote mawili na anajua lipi lilimletea fimbo.

Kisha kuna neno kuaminiana, na hili ndilo linaloua wengi kuliko ujinga. Wapenzi wapya wanaweza kutumia kapoti wiki mbili tatu. Wakizoeana, kuitaja kunageuka kuwa tusi. Binti akisema “tutumie”, kijana anauliza: “Unaniona mimi mgonjwa? Ama ni wewe uko na mwingine?” Kijana akiitoa yeye, binti anajiona amehesabiwa kama mwanamke wa nganda. Kwa hiyo wanaiacha ili kuonyeshana upendo, na hakuna aliyekwenda kupimwa kabla ya kuiacha. Mahubiri yanayosema kapoti ni ya wazinzi yanaikaza kamba hiyo hiyo. Mchungaji anadhani anapigana na dhambi. Anachofanya ni kumpa kijana sababu ya kukataa kinga mbele ya binti aliyethubutu kuiomba. Kanisa lina haki ya kufundisha usafi wa mwili hadi ndoa, na wako vijana wanaoufuata kwa moyo wote. Haina haki ya kusema uongo kwamba kapoti ina matundu ya kupitisha virusi, jambo linalosemwa hadharani katika mji huu.

Waliosahau waambiwe kwamba Wakongomani walikwisha kununua kapoti bila kusukumwa. Mwaka 1987 Franco Luambo aliimba juu ya SIDA, na nchi nzima ikasikiliza. Mwaka uliofuata kapoti za Prudence zilianza kuuzwa Zaire kwa bei ya chini, si hospitalini peke yake: katika butiki, katika nganda, kwa watu wanaouza sigara. Mwaka 1991 ziliuzwa karibu milioni 18. Watu walikuwa wale wale, mila ni zile zile, makanisa yalikuwepo. Kilichobadilika ni kwamba kitu kilikuwa karibu, bei ilikuwa ndogo, na muuzaji hakuuliza maswali. Uporaji wa Septemba 1991 ulipotokea, wafadhili wakafunga mizigo yao.

Sasa historia hiyo imerudi kwa sura nyingine. Kwa miaka mingi kazi kubwa ya SIDA katika Haut-Katanga ililipwa na Marekani kupitia mpango wa PEPFAR, ambao nchini Kongo ulielekezwa Kinshasa, Lualaba na hapa. Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na tangu hapo hakuna kilichobaki imara kama zamani. Mji unaokaa juu ya shaba na kobalti ulikuwa umewaachia walipa kodi wa ng'ambo kazi ya kuwalinda watoto wake. Ni aibu kubwa kuliko kijana yeyote aliyekutwa na kapoti mfukoni.

Maana pesa zipo. Kodi ya madini inayolipwa chini ya sheria ya Machi 2018 inagawanywa: asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa komine, sekta au shefri ambako mgodi upo. Juu ya hiyo, kampuni inatakiwa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa karibu. Katika mipango ya maendeleo inayotokana na pesa hizo watu wanaona madarasa, visima, mara nyingine magari. Ni wapi pameandikwa kwamba haziwezi kumlipa muuguzi mmoja wa vijana, akae kituoni kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni?

Saa si jambo dogo. Mwanafunzi yuko darasani asubuhi, wakati kituo cha afya kina watu. Akitoka amekuta foleni imekwisha na muuguzi anafunga. Akiwahi, anakaa kwenye benchi moja na akina mama wajawazito wa mtaa wake. Akifika mezani anaulizwa ana miaka mingapi, anaishi avenyu gani, baba yake anajua. Maswali mawili ya mwisho hayatibu ugonjwa wowote. Msichana aliyeulizwa hivyo mara moja harudi, na anawaambia wenzake sita wasiende.

Wauguzi wengine hujificha nyuma ya sheria. Wanasema mtoto wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kujua mambo hayo. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 iliandikwa kumlinda mtoto dhidi ya mkubwa anayemtumia, na kuzuia ndoa za utotoni. Haikuandikwa kumfukuza binti anayeomba kinga. Na sheria ya afya ya umma ya Desemba 2018 inampa mtu yeyote aliye katika umri wa kuzaa nafasi ya kupata njia ya kuzuia mimba kwa hiari yake, baada ya kuelezwa vizuri. Kabla ya hapo nchi ilikuwa inabeba bado mawazo ya amri ya kikoloni ya 1933, iliyowekwa na Wabelgiji waliotaka watu wazae kwa ajili ya migodi. Muuguzi anayefukuza vijana mwaka huu anaendelea kuitumikia amri hiyo bila kujua.

Familia zilizohama makwao zinayajua haya kuliko wengine, ingawa si mara nyingi wanaulizwa. Wako waliotoka Mitwaba na Pweto tangu enzi za Bakata Katanga, wako waliokimbia Tanganyika, waliopanda treni kutoka Kasai, na mwaka 2025 vita ya Kivu imesukuma watu hadi miji ya mbali. Familia ya watu wanane inapokewa na ndugu katika lupango moja, vyumba viwili. Wavulana na wasichana wanalala sebuleni na wageni. Pesa ya minervali ya sekondari hakuna, maana shule ya bure iliyoanza Septemba 2019 ni ya msingi. Msichana anaacha masomo, anatumwa kuuza mayai ya kuchemsha jioni karibu na nganda au penye malori. Anarudi na pesa nyingi kuliko mayai aliyobeba. Mama anaona, baba anaona, unga unanunuliwa, hakuna anayeuliza. Halafu siku mimba ikionekana, wote wanashangaa pamoja.

Kumlaumu mama huyo ni rahisi, na ni uonevu. Amekimbia na kitambaa mgongoni, hajui kesho watoto watakula nini. Lakini kunyamaza kwake kunamwacha binti peke yake na mwanaume wa miaka 40. Katika hali hiyo, kumwambia binti “uwe na nia ya kujikinga” ni kumchezea. Nia anayo. Ukimwuliza mchana atasema ndiyo, anataka kapoti, anaogopa ugonjwa, anataka kurudi masomoni. Usiku dereva anayengoja foleni ya Kasumbalesa anasema bila kapoti analipa zaidi, na nyumbani wadogo zake watano hawajala bukari tangu jana. Mafunzo gani ya dakika 45 yanashindana na hesabu hiyo? Minervali iliyolipwa inaweza kushindana nayo. Mtaji mdogo wa makala au unga kwa mama unaweza. Zomba ilionyesha hivyo.

Yapo mambo ambayo familia inaweza kufanya leo bila kungoja serikali, na yasemwe wazi. Aliyebakwa asioshwe na kufichwa ndani hadi wazee wakutane. Apelekwe kituo cha afya au hospitali siku ile ile. Dawa ya kuzuia virusi vya SIDA visishike mwili inafaa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inaipunguzia nguvu. Dawa ya kuzuia mimba ya dharura inafaa hadi siku 5, nayo pia mapema ni bora. Sheria za Julai 2006 juu ya ubakaji zinakataza mambo haya kuishia kwenye mbuzi na faini ya familia. Wapenzi wanaotaka kuacha kapoti waende kupimwa wote wawili, tena warudi baada ya miezi mitatu, maana virusi vipya havionekani mara moja. Aliyekutwa navyo ana haki zake chini ya sheria ya Julai 2008: hafukuzwi kazini, hafukuzwi shuleni, na mtu anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo haambukizi mpenzi wake. Jambo hili la mwisho vijana wengi hawajawahi kulisikia, na ndilo lingewapa moyo wa kwenda kupimwa.

Baba naye ana neno la kusema kwa mtoto wake wa kiume, maana mazungumzo yote haya huachiwa mama na msichana. Mvulana wa miaka 15 hapa anafundishwa mambo ya mwili na picha za ngono katika simu na na yaya zake wa kijiweni. Akisikia baba yake mwenyewe akisema kwamba mwanaume anayejiheshimu anabeba kinga yake na hamlazimishi mtu, atasikia kicheko cha kijiwe kikiwa kidogo zaidi.

Limebaki lile la wanaume wakubwa, ambalo kampeni zote zinalizunguka kama shimo barabarani. Mabango yanaonyesha vijana wawili wanaotabasamu. Hayamwonyeshi mwenye lupango anayemwambia binti wa mpangaji kwamba miezi miwili ya kodi inaweza kupangwa vingine, wala mwalimu anayeuza pointi, wala mkubwa wa ofisi mwenye gari la vioo vyeusi nje ya shule saa sita na nusu. Hawa hawajifichi. Watu wa avenyu wanawajua kwa jina, shefu wa kartie anawajua, na mara nyingi wamepewa viti vya mbele siku ya tarehe 1 Desemba.